Kifo kwa Amri: Kimelea cha Malaria Kinavyoghushi Ishara Ndani ya Ini

Kila askari aliyepitia mafunzo anaijua kanuni ya ghala. Adui akilikaribia ghala la silaha, na njia ya kulihamisha ikiwa imefungwa, mkuu wa kituo huamrisha lilipuliwe. Hasara hiyo ni nzito, lakini ni afadhali kuliko kumwachia adui risasi atakazozitumia kesho kuwaua wenzetu. Wengi wetu, hata hivyo, hatujui kwamba kanuni hiyohiyo inafuatwa usiku na mchana ndani ya miili yetu wenyewe. Chembe hai za mwili, isipokuwa chache, zimebeba ndani yake amri ya kujiangamiza, nazo huitekeleza pale zinapoharibika, zinapomaliza kazi yake, au zinapovamiwa.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa majeshi na wa polisi habari ya amri hiyo, habari ya kimeng'enya kinachoweza kuizuia, na habari ya adui mmoja anayeichezea. Adui huyo ni kimelea cha malaria. Uwanja tuliouchagua ni mwambao wa Ziwa Mweru, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini ya Zambia. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, huko adui huyu hana likizo. Pili, ng'ambo ya maji hayo, katika nchi ya Katanga, ndiko kulikopatikana kimelea kilichowawezesha wataalamu wa dunia kuifumbua sehemu ya siri yenyewe.

MWAMBAO WA MWERU

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, nalo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huliingia kwa kusini baada ya kupita katika mabwawa mapana. Mto Luvua hulitoka kwa kaskazini, penye mji wa Pweto, na kupeleka maji yake mpaka Mto Kongo. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita katikati ya maji. Upande wa Kongo uko mji uitwao Kilwa, na upande wa Zambia kiko kisiwa kiitwacho Kilwa vilevile. Msomaji wa pwani asije akadhani tunaizungumzia Kilwa Kisiwani ya Tanzania.

Nchelenge na jirani yake Kashikishi ni makazi ya wavuvi. Samaki aitwaye pale, na dagaa wadogo waitwao chisense ambao huanikwa juu ya mchanga, ndio riziki ya maelfu ya watu. Lakini maji yanayoleta samaki huleta pia mbu. Mabwawa ya Luapula na kingo za ziwa zenye majani hazikauki mwaka mzima, na kwa ajili hiyo mbu aitwaye Anopheles funestus, apendaye maji yaliyotulia yenye mimea, hupata pa kuzaliana hata wakati wa kiangazi. Mvua zinapoanza, mbu Anopheles gambiae naye huongezeka. Hivyo basi, watu wa Nchelenge hawana msimu wa kupumua.

Wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Maradhi ya Tropiki cha Ndola, kilichoanzishwa mwaka 1975, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamelipima eneo hili nyumba kwa nyumba tangu mwaka 2012. Mara nyingi wamekuta kwamba zaidi ya robo ya watu waliopimwa wana vimelea katika damu, na wengi wao hawana hata homa. Dawa za kunyunyizia kuta zimetumika, na vyandarua vimegawanywa. Lakini mbu wa huko wameonyesha usugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Hata dawa mpya ya kuta ilipoletwa, maradhi yalipungua kwa kiasi tu, wala hayakuondoka.

Mwambao huu ni uwanja wa kazi ya ulinzi pia. Desemba 2000, vita vya Kongo vilipofika Pweto, maelfu ya raia na wapiganaji walivuka kuingia Zambia. Mwaka 2017 wakimbizi wengine walimiminika kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge. Tena, kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane, na walinzi wa sheria hutakiwa kukesha kwenye maji. Miezi hiyo ni ya masika, na saa hizo za usiku wa manane ndizo anazopenda Anopheles funestus kuuma.

ADUI WA MAJESHI

Historia inatufundisha kwamba majeshi mengi yameshindwa na homa kabla hayajaonana na adui. Katika vita vya 1914 hadi 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki na Kati walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Vita hivyo viliishia katika nchi hiihii tunayoizungumzia: Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipata habari za amani akiwa karibu na Mto Chambeshi, akasalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918.

Katika vita vya pili vya dunia, askari wa Afrika Mashariki pamoja na wale wa Rodesia ya Kaskazini walipelekwa Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapigana katika bonde la Kabaw, mahali palipokuwa na sifa mbaya ya malaria. Mkuu wa Jeshi la 14, Jenerali William Slim, aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Basi akaamuru vikosi vipimwe kwa kushtukiza ili ijulikane kama askari wamemeza vidonge vyao. Kikosi ambacho chini ya watu 95 katika kila mia walikutwa wamemeza, mkuu wake alifukuzwa kazi. Jenerali huyo alieleza kwamba ilimbidi afukuze wakuu watatu tu, na waliobaki wakaelewa.

Twaleta habari hizi ili ieleweke kwamba maarifa ya malaria hayakuachiwa madaktari peke yao. Ni sehemu ya nidhamu ya kijeshi.

KUFA KWA AJALI NA KUFA KWA AMRI

Sasa tuingie ndani ya mwili. Chembe hai yaweza kufa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kufa kwa ajali: chembe huungua, hupasuka au hukosa hewa, na vitu vilivyokuwa ndani humwagika na kuwasha sehemu za jirani kama nyumba iliyoungua inavyounguza za pembeni. Ya pili ni kufa kwa amri. Hapa chembe husinyaa kwa utaratibu, hukata nyuzi zake za urithi vipande vipande, hujifunga katika vifurushi vidogo, na kuweka alama juu ya ngozi yake ili chembe walinzi zije kuvila bila fujo. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliipa njia hii jina la Kigiriki, apoptosisi, neno lenye maana ya kupukutika kwa majani.

Wabomoaji wenyewe ni vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Hukaa ndani ya chembe vikiwa vimefungwa, kama baruti iliyohifadhiwa pasipo kiberiti, mpaka amri itoke.

Amri hii ni ya zamani mno. Imepatikana katika mnyoo mdogo wa udongo, na utafiti juu ya mnyoo huyo uliwapatia Brenner, Horvitz na Sulston Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Imepatikana pia katika lamprei, samaki asiye na taya, mwenye mdomo wa mviringo wa kunyonyea, aishiye katika mito na bahari za nchi za baridi. Ukoo wake ulitengana na ukoo wetu yapata miaka milioni 500 iliyopita, na orodha ya urithi wake ilichapishwa mwaka 2013. Uti wa mgongo wa lamprei ukikatwa, baadhi ya chembe kubwa za mishipa ya fahamu katika ubongo wake huota upya. Nyingine hufa polepole kwa muda wa wiki nyingi, na ndani yake kaspasi huonekana zimeamka. Samaki huyo hayupo Mweru. Hata hivyo pale na chisense wa Mweru, lamprei wa Ulaya, na askari anayesoma gazeti hili, wote wamerithi wabomoaji wa aina moja kutoka kwa mababu walewale wa kale.

MWENYE MHURI

Amri kubwa namna hii haiwezi kutolewa ovyo. Katika ofisi ya jeshi barua isiyo na mhuri haitekelezwi. Katika chembe hai, mwenye mhuri ni kimeng'enya kiitwacho kinasi ya protini. Kazi ya kinasi ni kuchukua punje ndogo ya fosfati na kuibandika juu ya protini nyingine. Protini iliyobandikwa hubadili umbo na tabia: iliyolala huamka, iliyokuwa kazini husimama, nayo yaweza kuwa ni kinasi nyingine itakayombandika wa chini yake. Hivyo habari hupita ngazi kwa ngazi, kama amri itokayo makao makuu mpaka kwa koplo. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliogundua kazi ya mhuri huu, walitunukiwa Nobel mwaka 1992. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilitaja kinasi 518 katika mwili wa binadamu.

Mojawapo huitwa MET. Hii hukaa katika ngozi ya chembe za ini na za viungo vingine, kichwa chake kikiwa nje na mkono wenye mhuri ukiwa ndani. Ini likijeruhiwa, mwili hutoa kichocheo maalumu cha kuziponya chembe za ini. Kichocheo hicho kikigusa kichwa cha MET, mhuri hugongwa ndani, na amri huenea: jengeni, ongezekeni, msife. Ndiyo sababu ini la binadamu hujiponya kuliko viungo vingi. Lakini kinasi hiyohiyo ina sura ya pili. Kaspasi zikiisha kuamka, huikata MET, na kipande kimoja kinachobaki hugeuka kuwa msukumaji wa kifo. Mlinzi aliyezuia ubomoaji hutumiwa kuuharakisha. Kwa hiyo kusema kwamba kinasi fulani ni ya uhai au ni ya mauti ni kukosea. Yategemea amri iliyopokewa na hali ya chembe wakati huo.

PANYA WA KATANGA

Mbu mwenye vimelea anapouma, huingiza ngozini vimelea vichache vyembamba viitwavyo sporozoiti. Mara nyingi ni makumi tu. Ndani ya muda mfupi wale waliofaulu kuingia katika damu hufika kwenye ini, na kila mmoja hujificha katika chembe moja. Kwa kimelea kikali cha binadamu, Plasmodium falciparum, maficho hayo hudumu kama siku sita au saba. Mgonjwa hana homa, hana baridi, wala kipimo cha damu hakioni kitu. Wakati huo mvamizi mmoja anazaa makumi ya maelfu.

Hapa ndipo swali letu linapozaliwa. Ikiwa chembe ya ini imevamiwa na mgeni anayekua mpaka kuijaza yote, kwa nini haitekelezi amri ya kulilipua ghala? Kumchunguza binadamu hai kwa jambo hili si rahisi. Wataalamu walihitaji mnyama mdogo mwenye malaria yake.

Jibu lilitoka Katanga. Katika miaka ya 1940, daktari Ignace Vincke alikuta sporozoiti katika mbu wa misitu ya kando ya mito karibu na Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, karibu kilomita 300 kutoka Nchelenge kwa mwendo wa ndege. Mbu hao, Anopheles dureni, hawakuwa wale waliozoeleka kuwaambukiza watu. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Marcel Lips wakakipata kimelea chenyewe katika damu ya panya wa msituni. Kikaitwa Plasmodium berghei, kwa heshima ya mtaalamu Louis van den Berghe. Kimelea hicho hakimdhuru binadamu, lakini huwaambukiza panya wa maabara. Tangu hapo kimesambazwa katika maabara za dunia nzima, na vizazi vya wanafunzi wa sayansi wamejifunza malaria kwa mgeni huyo wa Katanga.

ISHARA YA KUGHUSHI

Mwaka 2001, Maria Mota na wenzake walionyesha jambo la kushangaza. Sporozoiti haiingii katika chembe ya kwanza inayoikuta. Hupenya chembe kadhaa za ini, ikizitoboa na kuziacha zimejeruhiwa, ndipo hatimaye hutulia katika moja. Kwa nini mvamizi apoteze muda akitoboa nyumba asizokusudia kukaa?

Utafiti uliofuata huko Ureno, uliotangazwa mwaka 2003, ulitoa jibu. Chembe zilizotobolewa hutoa kile kichocheo cha kuponya tulichokitaja. Kichocheo hicho huzifikia chembe za jirani, kinasi MET hugonga mhuri, nazo huwa tayari kumpokea mvamizi. Mwaka 2005 watafiti hao wakaongeza kwamba, katika chembe zilizoambukizwa kimelea cha Katanga, mhuri wa MET ndio unaozuia kifo kwa amri. Walipoifunga njia ya MET, chembe nyingi zaidi zenye vimelea zilijiangamiza, na vimelea vikafa pamoja nazo.

Ndugu msomaji, tafakari hila hiyo kwa macho ya askari. Adui hakuleta silaha mpya. Aliwajeruhi raia wachache makusudi ili kingʼora cha uokozi kilie, na kingʼora kilipolia, mlinzi wa ghala akapokea amri halali ya kusubiri. Mhuri ni wa kweli, karatasi ni ya kweli, lakini sababu ni ya kughushi. Afisa wa mawasiliano anajua kwamba hii ndiyo hila mbaya kuliko zote.

Lakini sayansi, kama upelelezi, haikubali ushahidi wa shahidi mmoja. Mwaka 2011 Alexis Kaushansky na Stefan Kappe, wa mji wa Seattle nchini Marekani, walilipima jambo hili kwa vimelea vingine. Walikuta kwamba kimelea kingine cha panya, Plasmodium yoelii, na hata Plasmodium falciparum cha binadamu, havitegemei MET kama anavyoitegemea ndugu yao wa Katanga. Mlango mmoja haukuwa mlango wa wote. Hata hivyo lengo lilibaki lilelile. Mwaka 2013, Kaushansky na wenzake walionyesha kwamba chembe ya ini iliyovamiwa na yoelii hupungukiwa sana na protini iitwayo p53, ambayo ni mmoja wa maofisa wenye mamlaka ya kuamuru kifo. Walipowapa panya dawa ya kuiongeza p53, maambukizo katika ini yalizuiwa.

Basi tukiyakusanya yote twaona hivi: vimelea mbalimbali hutumia njia mbalimbali, mmoja akikishika kinasi, mwingine akimnyamazisha ofisa, lakini wote wanahitaji jambo moja, yaani ghala lisilipuliwe mpaka wao wamalize kazi. Na hitaji la adui ndilo udhaifu wake.

SARE YA MWENYEJI

Hila haiishii hapo. Vimelea vinapokomaa, chembe ya ini haina faida tena kwao, na kizuizi cha kifo huondolewa. Mwaka 2006 wataalamu walieleza, kwa kutumia tena kimelea cha Katanga, jinsi chembe hiyo inavyokufa. Haifi kwa utaratibu wa kawaida wa mwili. Hujibandua kutoka kwa wenzake, na vifuko vilivyojaa vimelea vipya huchomoza kutoka kwake na kusukumwa ndani ya mishipa ya damu. Vifuko hivyo vimefunikwa kwa ngozi ya chembe ya mwenyeji. Tena ile alama ya kifo, ambayo huwaita walinzi waje kula mabaki, haionekani juu yake. Walinzi wa ini hukitazama kifuko na kukiacha kipite, maana kimevaa sare ya nyumbani. Kikifika mbali hupasuka, vimelea huvamia chembe nyekundu za damu, na ndipo homa inapoanza.

Chembe nyekundu, kwa bahati mbaya, zimepoteza kiini chake cha urithi, wala haziwezi kuendesha ulinzi kama ule wa chembe ya ini. Ndiyo sababu hatua ya ini ni muhimu mno: adui ni mchache, yuko mahali pamoja, na bado hajaharibu kitu.

SILAHA ZILIZOPO NA ZINAZOTAFUTWA

Kinasi si mali ya binadamu peke yake. Plasmodium falciparum naye anazo zake, zipatazo 85 hadi 99 kwa hesabu mbalimbali, na nyingi hazifanani sana na zetu. Tofauti hiyo ni lengo zuri kwa mtengeneza dawa, kwa kuwa aweza kumpiga adui bila kumpiga mwenyeji.

Katika kazi hiyo yupo mwana wa Zambia ambaye jina lake linafaa kujulikana. Profesa Kelly Chibale alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Zambia, akafanya kazi katika kiwanda cha baruti cha Kafironda huko Mufulira, kisha akaenda Cambridge kwa shahada ya juu. Mwaka 2010 alianzisha kituo cha kutafuta dawa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2012 kituo chake, pamoja na washirika wa kimataifa, kilitangaza kiungo kilichopewa namba MMV390048, ambacho hufunga kinasi moja ya kimelea iitwayo PI4K. Kinasi hiyo hubandika fosfati juu ya mafuta badala ya protini, lakini kazi yake ni ya jamii ileile, na kuifunga humdhuru kimelea katika ini na katika damu pia. Kiungo hicho kilifika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu, ndipo maendelezo yake yakasimamishwa baadaye kwa sababu za usalama. Wasiojua utafiti watasema ni kushindwa. Sisi tunaojua mazoezi ya vita tunasema ni doria iliyorudi na habari: shabaha imeonekana, njia imepimwa, na wengine wanaifuata.

Wakati silaha mpya zinatafutwa, zilizopo zitumike sawasawa. Mwaka 2002 Zambia ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuifanya dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini kuwa dawa yake ya kwanza ya malaria. Dawa hiyo huua vimelea katika damu. Haikukusudiwa kuviua katika ini. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ile ya R21 iliyofuata mwaka 2023, humlenga kimelea kabla hajajikita katika ini, nazo zimekusudiwa watoto, ambao ndio wanaokufa zaidi.

WAJIBU WA ASKARI

Katika hayo yote yapo mafunzo ambayo askari wa mpakani na polisi wa maji hawana budi kuyashika, maana yanatokana moja kwa moja na siri ya ini.

La kwanza ni vidonge vya kinga. Wengi hulalamika: nimekwisha ondoka ziwani, kwa nini niendelee kumeza? Jibu ni lile ghala lisilolipuliwa. Mbu aliyekuuma usiku wa mwisho ameacha vimelea katika ini, navyo vitatoka baada ya wiki moja au zaidi. Doksisaikilini huvipiga hasa vikiisha kuingia katika damu. Kwa hiyo humezwa kwa wiki nne baada ya kuondoka. Mseto wa atovakwoni na proguanili huvipiga katika ini pia, na kwa sababu hiyo siku saba hutosha. Anayeacha siku anayopanda gari la likizo amelinda kituo usiku kucha na kufungua lango alfajiri. Dawa ipi imfae nani, hilo ni la daktari wa kikosi.

La pili ni kutodanganywa na afya ya wenyeji. Mtu mzima aliyekulia Kashikishi ameumwa na mbu tangu utotoni, na aweza kubeba vimelea akiwa anavuta nyavu zake kama kawaida. Askari aliyeletwa kutoka nyanda za baridi hana kinga hiyo. Kwake yeye, homa ya siku mbili yaweza kupanda kichwani na kumwua.

La tatu ni kusema ulikotoka. Homa inayoanza wiki mbili baada ya zamu ya Mweru yaweza kumkuta askari nyumbani, katika mji usio na mbu wengi, na mganga akafikiria mafua. Mwambie: nilikuwa ziwani. Damu ipimwe siku hiyohiyo.

La nne ni chandarua na nguo ndefu. Mbu wa Nchelenge huuma sana usiku wa manane mpaka karibu na kupambazuka, saa ambazo aliyelala fofofo hana ulinzi mwingine ila wavu, na aliye doria hana ila mikono mirefu ya shati na dawa ya kufukuza mbu.

Mwisho, ndugu zetu, tusisahau kwamba mbu haulizi sare. Huyohuyo anayemwuma mlinzi amemwuma mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkimbizi wa Mantapala, na hubeba vimelea kutoka kwa mmoja kumpelekea mwingine. Askari anayebeba vimelea katika damu bila kutibiwa amekuwa ghala la adui katikati ya raia anaowalinda. Anayemeza dawa yake mpaka kidonge cha mwisho, akalala ndani ya chandarua na kupimwa mapema, ameilinda afya yake na ya kijiji kilichomkaribisha pia. Ulinzi wa namna hiyo hauna gwaride wala nishani, lakini katika mwambao wa Mweru, penye watoto wengi na mbu wengi zaidi, ndio ulinzi unaookoa roho kila usiku.